Dalali: Anafanya kazi gani, na analipwa kwa lipi?

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, hutakosa kuona kibao kilichopigiliwa misumari kwenye mti au kwenye nguzo, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: "Dalali wa vyumba, nyumba, viwanja na mashamba." Chini yake ipo namba ya simu. Pembeni lipo benchi, na kwenye benchi hilo wameketi watu wawili watatu wakinywa kahawa. Mpita njia huwatazama akasema moyoni: hawa ndio wanaokula bila kutoka jasho.

Juma lililopita msikilizaji mmoja aliniletea ujumbe wenye swali fupi. Aliuliza: "Mtangazaji, dalali analipwa kwa kazi gani? Nyumba si yake, fedha si zake, na anayehamia ni mimi." Swali hili si la msikilizaji huyo peke yake. Kila aliyewahi kutafuta chumba, kuuza kiwanja au kuleta mazao mjini amewahi kujiuliza. Kwa hiyo leo tumtazame dalali: ni nani, anafanya nini, na ujira wake unatoka wapi.

Tuanze na jina lenyewe. Neno dalali tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuonyesha au kuongoza njia. Neno letu la dalili limetoka katika mzizi huo huo. Kama vile dalili inavyokuonyesha kuwa mvua inakuja, ndivyo dalali anavyokuonyesha palipo na mali au palipo na mnunuzi. Wahindi nao wanalo neno hilo. Barabara lilipo soko la hisa la Mumbai, soko lililoanzishwa mwaka 1875, inaitwa Dalal Street, yaani Mtaa wa Madalali. Kwa hiyo jina hili si la kudharauliwa. Limesafiri na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu.

Sasa, dalali ni nani hasa? Dalali ni mtu anayewakutanisha wawili wanaotaka kufanya biashara, akalipwa kwa sababu ya kuwakutanisha. Neno la kushika hapa ni kwamba mali haiwi yake hata kwa saa moja. Hapo ndipo anapoachana na mchuuzi. Mchuuzi hununua nyanya kwa fedha yake. Zikioza, zimemwozea yeye. Dalali hanunui. Mlanguzi naye hununua na kuficha, akingoja bei ipande. Katika miaka ile ya maduka ya kaya na foleni za sukari, hususan wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, watu hawa watatu walitiwa katika kapu moja, na hadi leo wapo wazee wakisikia neno dalali wanasikia mlanguzi. Lakini ni kazi tatu mbalimbali.

Kama dalali hanunui, basi anauza nini? Anauza habari, muda wake, na imani ya watu kwake. Anajua ni nyumba ipi ina mpangaji anayehama mwisho wa mwezi. Anajua mwenye nyumba yupi ana maneno mengi, na kisima cha nani hukauka wakati wa kiangazi. Habari hizo hazikuandikwa popote. Amezikusanya kwa kuketi kwenye lile benchi na kutembea mtaani miaka kumi. Wewe unayetoka Tabata kwenda kutafuta chumba Sinza ungetumia wiki tatu na nauli nyingi kuzipata, na pengine usizipate.

Hapa naomba niungame jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2005 nilikuwa nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari, nimeoa, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa mdogo. Mke wangu na mimi tulikuwa tunatafuta vyumba viwili Sinza. Tulimkuta mzee mmoja dalali, akatutembeza siku tatu. Nyumba ya kwanza choo kilikuwa kibovu, ya pili maji hayakuwapo, ya tatu ilikuwa karibu na baa. Ya nne tuliipenda. Kodi ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba alitaka ya mwaka mzima, yaani shilingi 480,000. Udalali ulikuwa kodi ya mwezi mmoja, shilingi 40,000, kama ilivyo desturi ya mjini.

Tulipokuwa tunaaga, mama mwenye nyumba alimvuta mke wangu pembeni akamwambia: "Mwanangu, njooni kesho peke yenu. Hela ya dalali mnunulie godoro." Kesho yake tukaenda peke yetu, tukalipa, tukahamia. Mzee tukamwambia kwamba nyumba ile haikutufaa. Siku ya nne alitukuta dukani tunanunua mkaa. Hakugomba. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akasema: "Karibuni mtaani, wanangu," akaenda zake.

Mwezi wa saba akaja mtu mlangoni akajitambulisha kuwa ni kaka yake mama mwenye nyumba. Nyumba, alisema, ni ya urithi, na nusu ya kodi ni yake. Dada yake hakumpa kitu, na sisi hatukuwa na mkataba wala shahidi, isipokuwa karatasi moja yenye saini isiyosomeka. Nilikwenda kwa yule mzee kwa aibu kubwa. Nilipomsimulia alicheka kidogo, akasema: "Nyumba ile kila mpangaji niliyempeleka mimi, niliwaita ndugu wote wawili, wakaandika mbele ya mjumbe. Wewe hukusubiri siku ya kuandika." Ilibidi yeye ndiye aende kusema na wale ndugu hadi tukaachwa tumalize mwaka wetu.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekikwepa kwa shilingi 40,000. Nilidhani ninakwepa kulipia matembezi ya siku tatu, kumbe nilikuwa nakwepa kulipia anachokijua yule mzee.

Tukirudi kwenye mada, udalali hulipwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina tabia yake.

Njia ya kwanza ni kiasi maalumu kinachojulikana, kama hiyo kodi ya mwezi mmoja katika nyumba za kupanga, au kiasi fulani kwa kila tenga au kila gunia katika soko la mazao. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anajua hesabu tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwamba dalali wa nyumba hufaidika wapangaji wanapohama mara kwa mara, na wa soko hufaidika na wingi wa matenga kuliko ubora wa bei.

Njia ya pili ni asilimia ya bei, nayo hutumika zaidi katika kuuza viwanja, nyumba na magari. Wengi huona kwamba njia hii inamfanya dalali na mwenye mali wawe kitu kimoja, kwa kuwa bei ikipanda wote wanapata zaidi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hebu tupige hesabu. Tuchukulie kiwanja chako kina mnunuzi wa shilingi milioni 20 leo, na udalali ni asilimia 5. Dalali atapata milioni 1. Ukisubiri miezi miwili huenda akaja mnunuzi wa milioni 22. Hapo dalali atapata milioni 1 na laki 1. Wewe kusubiri kumekuongezea milioni 1 na laki 9. Yeye kumemwongezea laki moja tu, baada ya miezi miwili ya kupeleka watu kiwanjani na kupiga simu. Ndiyo maana dalali akikuambia "uza sasa, bei hii huipati tena", msikilize, lakini kumbuka hesabu yake na yako hazilingani. Huenda anasema kweli. Huenda pia amechoka.

Njia ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi mwingi, nayo ni ile inayoitwa cha juu. Mwenye kiwanja anasema anataka milioni 15. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 18. Mnunuzi analipa, mwenye mali anapokea milioni 15 zake, na milioni 3 zinabaki njiani. Je, huo ni wizi? Jibu linategemea walichokubaliana. Kama mwenye mali alisema mwenyewe, "Mimi nipe 15 mkononi, kitakachozidi ni chako," basi dalali amekula haki yake. Lakini kama alimtuma amuuzie kwa bei nzuri, wamepatana ujira, kisha dalali akaficha bei ya kweli, basi ile faida ya siri si yake. Kwa msingi wa sheria ya uwakala, faida ambayo wakala ameipata kwa siri kutokana na kazi aliyotumwa ni ya yule aliyemtuma, na anaweza kuidai.

Njia ya nne ni fedha ya kuonyeshwa, yaani unalipa kiasi kabla hujaona nyumba. Dalali mwaminifu ataitoza kufidia nauli na muda wake, hasa akiwa amechoshwa na watu kama mimi wa mwaka 2005. Lakini kichaka cha matapeli kiko hapo hapo. Atakuonyesha chumba kilichokwisha kupangishwa, atapokea fedha yake, na jioni atamwonyesha mwingine chumba kile kile. Anayeishi kwa fedha ya kuonyesha hana haraka ya kukupatia nyumba.

Tutoke mjini kidogo. Shangazi yangu analima nyanya Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Nyanya zikiiva hazisubiri. Zikipakiwa kwenye lori jioni, alfajiri ziko soko la Ilala. Shangazi hawezi kushuka na lori akasimama sokoni kuuza tenga moja moja. Hawajui wauza genge, na hajui nani akikopa analipa. Hivyo nyanya hupokewa na dalali kwa mali kauli, yaani kwa neno tu, naye huziuza na kutuma fedha. Tuseme matenga ni 60 na ujira wa dalali ni shilingi 1,000 kwa tenga. Ujira wake ni shilingi 60,000, na kwa kazi ya kuuza mzigo unaooza kabla jua halijawa kali, si nyingi.

Taabu inaanza pale shangazi anapopigiwa simu na kuambiwa, "Mama, leo soko limelala, tumeuza 25,000." Kama kweli ziliuzwa 25,000, hewala. Kama ziliuzwa 30,000, basi kwa kila tenga zimepotea 5,000, na kwa matenga 60 ni shilingi 300,000. Hapo ujira uliotajwa ni sehemu ndogo tu ya alichopata dalali. Mkulima hulalamikia ile elfu moja anayoiona, na kinachomuumiza ni ile elfu tano asiyoiona. Dawa yake si kumfukuza dalali, maana mzigo wa kesho nao utahitaji wa kuupokea. Dawa ni kuijua bei ya soko siku ile ile. Siku hizi simu ya mkononi imesaidia. Shangazi huwapigia simu watu wawili wanaonunua Ilala kabla hajampigia dalali wake, na dalali akijua kwamba anayempigia anaijua bei, naye husema kweli.

Zipo pia kazi za udalali zilizowekewa sheria na leseni. Katika mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, kiwanda hakiuzi chai yake chenyewe. Chai ya Kenya na ya nchi jirani hukabidhiwa kampuni za madalali, ambazo huionja, huipima ubora, huiandika katika orodha na kuinadi. Hapo dalali hulipwa asilimia ndogo ya thamani, lakini mzigo ni mkubwa na bei inatangazwa mbele ya wote, kwa hiyo cha juu hakina pa kujificha.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwezi Aprili 1998, nalo linakwenda kwa madalali. Wewe huendi sokoni kununua hisa kama unavyokwenda kununua dagaa. Unakwenda kwa kampuni ya udalali yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, nayo inakutoza asilimia ya thamani unaponunua, na tena unapouza. Ndiyo maana anayenunua na kuuza kila siku huweza kumtajirisha dalali wake kabla hajatajirika yeye.

Katika bima wapo watu wawili wanaofanana, na wengi huwachanganya. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe mteja, na kazi yake ni kukutafutia kampuni inayokufaa. Lakini kamisheni ya dalali huyu kwa kawaida hutoka kwa kampuni, ndani ya ada unayolipa. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza kwa nini amekuchagulia kampuni hii na si ile.

Na yupo dalali wa mahakama, huyu anayeogopwa kwa kuja na amri ya kukamata mali. Yeye hakuteuliwa na anayekudai. Yuko chini ya mahakama, na malipo yake yamepangwa kwa kanuni. Akija mtu anajiita dalali wa mahakama, ana haki ya kuheshimiwa, nawe una haki ya kuiona amri na kitambulisho.

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Je, dalali ameustahili ujira wake wakati gani? Hapa Tanzania mambo ya wakala na aliyemtuma yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872. Kwa lugha nyepesi, yaangalie mambo matatu. Kwanza, je, alitumwa? Mtu aliyejipachika katikati ya mazungumzo yenu hana cha kudai. Pili, je, yeye ndiye chanzo cha biashara kufanyika? Kama alikupeleka kwenye nyumba na ukaipanga, haijalishi kwamba siku ya kulipa hakuwapo. Tatu, je, kazi aliyotumwa imekamilika? Kama hamkupatana vinginevyo, ujira hudaiwa kazi ikishakamilika, si kabla. Na wakala aliyefanya hila katika kazi aliyotumwa hupoteza haki ya kulipwa kwa sehemu ile aliyoitendea hila.

Wakati mwingine dalali hulipwa na pande zote mbili, muuzaji na mnunuzi. Jambo hilo si baya lenyewe, alimradi pande zote mbili zinajua. Baya ni kupokea mkono wa kulia na kuficha mkono wa kushoto, maana hapo hujui anamtetea nani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaanza kutembea na dalali, kubalianeni mambo manne: ujira ni kiasi gani, nani atalipa, utalipwa lini, na kinachozidi bei ni cha nani. Yaandikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Ukiwa unauza, hakikisha siku ya malipo wewe na mnunuzi mnakutana uso kwa uso na bei inatajwa mbele ya wote. Ukiwa unanunua kiwanja, usiridhike na neno la dalali kwamba mwenyewe ndiye huyu. Kafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi, na uulize majirani na serikali ya mtaa. Dalali anakuonyesha mali, lakini yeye si hati ya mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ukishaonyeshwa, ukapenda, ukahamia, mlipe aliyekuonyesha. Godoro tulilonunua mwaka ule lilikwisha zamani. Yule mzee nilimpelekea shilingi 40,000 zake mwezi wa nane, nikamwamkia na kumwomba radhi. Alizihesabu mara mbili, akatoa daftari lake la kurasa zilizokunjamana, akatafuta ukurasa wa mwezi tuliohamia. Jina langu lilikuwapo, na mbele yake palikuwa wazi. Akaandika: "Amelipa."

Hadi juma lijalo, nakutakia kila la heri.